Fimbo ya Gehazi na Simu Zetu

SOMO LA WIKI
Andiko: 2 Wafalme 4:8–37
Soma pia: 2 Yohana 12, 1 Wathesalonike 3:1–10, Waebrania 10:24–25

Kabla hujaendelea na somo hili, fungua Biblia yako usome andiko lote, hata kama hadithi ya mama Mshunami unaijua tangu Sunday School. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapita kwa miaka mingi bila kuyaona.

Vijana waliniuliza swali baada ya ibada: je, mitandao ya kijamii inaleta mawasiliano ya kweli, ama tunajidanganya tu? Najua wazee wengine wangependa niseme simu ni mtego wa shetani, nimalize hapo. Vijana nao wangependa niseme hakuna shida yoyote. Nitawakasirisha wote kidogo. Lakini nianze na kosa langu mwenyewe.

"Tuko pamoja, Mama"

Mnakumbuka kikundi chetu cha WhatsApp kilianza lini. Ilikuwa mwaka wa 2020, corona ilipoingia nchini mwezi wa Machi na makanisa yakafungwa. Mimi ndiye nilikifungua, na mimi ndiye admini hadi leo. Wakati ule kilitusaidia sana. Neno la asubuhi lilipita hapo, mahitaji ya maombi yalipita hapo, na sadaka zikaingia kwa M-Pesa. Hatukuwa na njia nyingine.

Makanisa yakafunguliwa, lakini kikundi kikabaki, na pole pole nikaanza kuchunga kondoo kwa simu. Chuoni nilisomea biashara, na mtu wa biashara anapenda hesabu. Nilikuwa naangalia ni wangapi wamesoma neno la asubuhi, ni wangapi wamejibu Amina. Nikiona kikundi kimechangamka, najiambia kanisa liko hai.

Mwaka jana wakati wa mvua, mama mmoja mshirika wetu wa upande wa Kebirigo aliandika kwamba mzee wake amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili umelegea, wametoka hospitalini, wako nyumbani, tuwaombee. Zaidi ya watu 40 walijibu. Mikono ya maombi, Amina, Mungu ni mwaminifu. Mimi pia niliandika: "Tuko pamoja, Mama." Baada ya siku mbili nikamwandikia kando kumuuliza mzee anaendeleaje. Akajibu, "Tuko salama Pasta, Mungu ni mwema." Nikaridhika. Wiki ya pili nikauliza tena, jibu likawa lile lile.

Wiki ya tano nikapigiwa simu kutoka Marekani. Alikuwa mwana wao, anaishi Minnesota kama watu wetu wengi kutoka Kisii na Nyamira, na kazi yake ni kuhudumia wazee. Kila Jumapili saa nane mchana, kwao ikiwa bado alfajiri, alikuwa anampigia mama yake simu ya video. Siku moja hakutosheka na kuambiwa baba yuko sawa. Alimwomba mama ageuze simu aone mgongo wa baba. Akaona vidonda vya kulala. Hapo hapo akaanza kumfundisha mama kumgeuza mzee kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Lakini mzee ni mtu mkubwa wa mwili, na mama yuko peke yake. Kijana akaniambia, "Pasta, mimi naweza kumwona baba lakini siwezi kumgeuza. Nyinyi mko hapo."

Nilichukua boda. Ilikuwa dakika ishirini, matope na yote. Kwa wiki tano nilikuwa dakika ishirini kutoka kwa ile nyumba.

Nilikuta majani chai yamepita kimo cha kuchumwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuyachuma. Mama alinisalimia vizuri kama desturi yetu, akanipa kiti, akaniletea chai. Nilipomuuliza habari alisema salama. Ni baada ya kukaa, baada ya kumsaidia kumgeuza mzee na kuona ile hali kwa macho yangu, ndipo alianza kulia. Kisha akachukua simu yake na kunionyesha ujumbe wetu, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Pasta, mwanangu, kila mtu aliandika tuko pamoja. Pamoja wapi?"

Sikuwa na jibu. Hili somo ni jaribio la kumjibu.

Jambo la kwanza: "Salama" ya mbali

Rudi kwa mama Mshunami. Mtoto wake amefia magotini pake saa sita mchana. Amemlaza kwenye kitanda cha mtu wa Mungu, akafunga mlango, akapanda punda na kwenda mlima Karmeli. Elisha anamwona akiwa bado mbali, anamtuma Gehazi akimbie amuulize: wewe hujambo? mume wako hajambo? mtoto hajambo? Angalia mstari wa 26. Mama ambaye mtoto wake ni maiti nyumbani anajibu kwamba ni salama.

Alikuwa anadanganya? Mimi sioni hivyo. Uchungu wa aina ile hupewi mjumbe anayepita mbio. Mama aliubeba hadi alipofika kwa mwenyewe, akaanguka, akashika miguu yake. Ni hapo tu ndipo alisema neno la moyoni. Na Elisha, nabii mzima, anakiri katika mstari wa 27 kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo hili. Kama nabii hakujua mpaka mama alipofika miguuni pake, mimi nilidhani nitajua kwa kuangalia tiki mbili za bluu?

Wapendwa, ujumbe mfupi una tabia ya kuzaa jibu fupi. Ukiuliza "uko aje" ukiwa unatembea, utajibiwa "poa". Hapa kwetu, mkubwa akikutembelea, habari ya kweli haiji kwa salamu ya mlangoni. Inakuja chai ikishapoa, wakati mnazungumzia ng'ombe na karo, mtu ananyamaza kidogo halafu anasema, "Lakini kuna kitu." Simu haina subira ya kungoja huo wakati, na sisi wenye simu hatuna pia.

Jambo la pili: Fimbo ilifika kwanza

Elisha aliposikia, alimpa Gehazi fimbo yake, akamwambia aende haraka, asisimame kusalimiana na mtu njiani, akaiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi alifanya kama alivyotumwa. Fimbo ilifika kabla ya Elisha. Ilikuwa fimbo ya kweli, ya mtu wa Mungu wa kweli, iliyotumwa kwa nia njema. Lakini mtoto hakuamka.

Mama alikuwa amekataa mapema kuondoka bila Elisha mwenyewe, ndiyo sababu Elisha aliinuka akamfuata. Alipofika aliingia, akafunga mlango, akaomba. Kisha akajilaza juu ya mtoto, mdomo kwa mdomo, macho kwa macho, mikono kwa mikono. Biblia inasema mwili ukapata joto.

Zile emoji 40 za maombi zilikuwa fimbo. Sisemi hazikuwa za kweli, wengi wetu tuliomba. Lakini tulituma fimbo na tukabaki Karmeli.

Simu ina kazi yake

Mtu asitoke hapa akisema Pasta amekataza WhatsApp. Angalia tena hadithi yangu. Aliyegundua vidonda ni nani? Ni kijana aliye Minnesota, kwa simu ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Yeye aliuliza, akaangalia, akangoja, akauliza tena. Halafu alipoona mahali simu inaishia, akatafuta mwenye mikono.

Hata mitume walifanya hivyo. Paulo alikuwa mbali na Wathesalonike, na moyo haukutulia mpaka amtume Timotheo akaone kwa macho, kisha akaandika barua, na bado aliomba usiku na mchana apate kuwaona uso kwa uso. Yohana katika barua yake ya pili anasema ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino, anatumaini kuja wazungumze ana kwa ana. Barua ilikuwa ya kushikilia mahali mpaka mtu afike.

Tumeona pia hapa nchini kwamba mtandao unaweza kuinua miguu ya watu. Juni 2024 vijana walitumia TikTok na X kuelezana Mswada wa Fedha, wengine kwa lugha za nyumbani. Tarehe 25 walikuwa barabarani, na wengine wao hawakurudi kwao. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi mswada huo. Uwe ulikubaliana nao ama hukukubaliana, huwezi kusema yale hayakuwa mawasiliano. Maneno yalitoka kwa kioo cha simu, watu wakatoka nyumbani.

Kwa hivyo jibu langu kwa vijana ni hili: mtandao unaleta mawasiliano ya kweli pale unapofungua njia ya kumfikia mtu. Pale unapokufanya uhisi umeshafika na hujaondoka kitini, hapo umekuibia wewe na yeye. Barua ni ya walio mbali. Shida yetu ni kwamba tulio karibu tumejifanya tuko mbali.

Niseme pia kidogo kama mtu wa biashara. Facebook iliweka kitufe cha laiki mwaka wa 2009. Kampuni hiyo inapata karibu pesa zake zote kutoka kwa matangazo, na matangazo yanataka macho yako yabaki kwenye kioo. Si dhambi kufanya biashara. Lakini jua kwamba hawapati hata shilingi moja ukifunga simu ukaenda kumwona jirani. Hakuna mtu atakukumbusha kwenda. Roho Mtakatifu ndiye atakukumbusha, na mara nyingi tunamjibu kwa emoji.

Tutafanya nini

1. Badilisha "Tuko pamoja" iwe na siku na saa. Andika: "Kesho saa nne nakuja. Nikuletee nini?" Kama huwezi kwenda, sema ukweli: "Niko Nairobi, lakini nimeongea na fulani, atafika Alhamisi." Huo ujumbe una miguu.

2. Ukijibiwa "salama" mara mbili na mtu unayejua yuko katika shida, usiulize mara ya tatu kwa simu. Nenda.

3. Aliye mbali kweli, mpigie ukiwa umeketi. Muone uso. Usimwite ukiwa kwa matatu halafu useme "tutaongea". Na kama una ndugu ng'ambo ambaye hutuma pesa kila mwezi, mara moja mpigie bila kuomba kitu.

4. Tusingoje matanga. Mtu akifa, kabla ya jioni kikundi kimefunguliwa, mweka hazina yuko, na M-Pesa zinaingia. Tunajua kabisa kujipanga. Tujipange hivyo mtu akiwa bado anaweza kutusikia.

Kuhusu yule mzee, hajapona kabisa, na sitaki kuwadanganya. Lakini vidonda vimefunga. Ndugu wa ushirika wa nyumbani wa upande ule wanaenda kwa zamu kusaidia kumgeuza na kumwogesha, na akina mama walimaliza kuchuma yale majani chai kwa siku mbili. Juzi alikaa kitandani mwenyewe, na tulipoimba aliinua mkono wake mzima. Mama hajaandika chochote kwa kikundi. Hakuna haja, wote tulikuwa hapo.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini mama Mshunami alimjibu Gehazi "salama" lakini akamfungulia Elisha moyo wake?
2. Ni nani ambaye umemwandikia mara nyingi mwaka huu lakini hujaketi naye?
3. Wewe mwenyewe, ni lini ulisema "niko sawa" na hukuwa sawa? Ni nini kingekusaidia kusema ukweli?

Kazi ya wiki: Chagua jina moja kutoka kwa simu yako, mtu anayekaa mahali unaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo. Kabla ya Jumapili, mtembelee. Usimpige picha.

Tuombe: Baba, wewe hukututumia fimbo. Ulimtuma Mwanao, akaja akakaa kwetu, akagusa wenye ukoma kwa mkono wake. Utusamehe kwa mara nyingi tumesema tuko pamoja na hatukuwa. Utupe miguu. Katika jina la Yesu, Amina.