Uchungu Usiopiga Mayowe: Mvuto wa Hisia katika Diwani ya Kwanza ya Warsan Shire

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika methali hii, neno uchungu hubeba maana mbili kwa pamoja: maumivu ya kujifungua na maumivu ya moyo. Mnamo mwaka wa 2011, shirika la uchapishaji la flipped eye la Uingereza lilitoa diwani nyembamba ambayo anwani yake ni kana kwamba inaipindua methali hiyo. Anwani yenyewe ni Teaching My Mother How to Give Birth, yaani Kumfundisha Mama Yangu Kujifungua. Mtunzi wake, Warsan Shire, alikuwa na umri wa miaka ishirini na michache tu. Katika diwani hii, mwana ndiye aujuaye uchungu wa mzazi, na mwana huyo ndiye anayeutafutia maneno.

Makala haya yanachunguza namna diwani hiyo inavyoziteka hisia za msomaji. Suala hili lina umuhimu kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ushairi wa jukwaani umepata wapenzi wengi nchini Kenya, hasa tangu miaka ya 2000 ambapo majukwaa kama yale ya Kwani? jijini Nairobi yaliwapa vijana nafasi ya kughani tungo zao. Hata hivyo, darasani ushairi huo bado hutazamwa na baadhi ya wahakiki kama kelele za ujana zisizostahili kuwekwa katika mizani ya fasihi. Pili, shairi linapomliza msikilizaji, mhakiki hana budi kuuliza limemliza kwa mbinu gani, na chozi lililodondoka lina faida kwa nani.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba mvuto wa hisia katika diwani ya Shire unatokana na kujizuia. Mtunzi haombolezi kwa niaba ya msomaji. Huweka mbele yake kitu kidogo kinachoshikika, kisha hunyamaza.

Mtunzi na Mazingira Yake

Shire alizaliwa nchini Kenya mwaka wa 1988, wazazi wake wakiwa Wasomali, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga na kulelewa London. Mwaka wa 2013 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Ushairi wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa Malenga Kijana wa kwanza wa jiji la London. Tungo zake zilifika mbali zaidi mwaka wa 2016 pale mwanamuziki Beyoncé alipozitumia katika albamu ya Lemonade. Diwani yake kamili, Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head, ilitoka mwaka wa 2022. Sifa zote hizi zilikuja baada ya kile kijitabu cha 2011, na ni humo msingi wa sanaa yake unamoonekana waziwazi.

Ni muhimu pia kukumbuka jadi anakotoka. Wasomali wameuenzi ushairi wa kutamkwa kwa karne nyingi, wakitofautisha gabay, utungo ambao kimapokeo ulihusishwa na wanaume, na buraanbur, utungo wa wanawake. Kwa hiyo, ingawa Shire anaandika kwa Kiingereza, hatuwezi kudai kwamba jukwaa ni jambo alilolikuta Ulaya. Kwao, shairi ni sauti kabla ya kuwa maandishi.

Hisia na Ukaribu

Katika kitabu chake kuhusu balagha, Aristotle anaitaja hisia ya msikilizaji kuwa mojawapo ya nguzo tatu za ushawishi, pamoja na tabia ya msemaji na hoja yenyewe. Anaeleza zaidi kwamba huruma huamka pale mateso yanapoonekana kuwa karibu, yaani yanapowekwa mbele ya macho ya msikilizaji. Wazo hili la ukaribu linafaa kuwa kurunzi ya kuimulikia diwani ya Shire. Mbinu tatu zinadhihirika.

Mbinu ya kwanza ni matumizi ya vitu vya kawaida. Vita, ukimbizi na ndoa zilizovunjika ni mada pana ambazo mtunzi mwingine angezieleza kwa maneno makubwa. Shire huziingiza jikoni, kitandani na mwilini. Katika “Old Spice”, kwa mfano, vita havionyeshwi kwa mizinga bali kupitia mzee aliyekuwa askari, ambaye kila juma huirudia sare yake ya zamani na kumbukumbu za waliokufa. Anwani yenyewe ni jina la manukato ya wanaume yanayouzwa madukani. Msomaji ambaye hajawahi kuiona vita amewahi kumnusa babu yake, na kupitia harufu hiyo vita vinaingia nyumbani kwake. Katika “Tea With Our Grandmothers”, majina ambayo wajukuu huwaitia nyanya zao, habooba kwa Wasudani na ayeeyo kwa Wasomali, yanatosha kubeba msiba. Mtunzi haelezi jinsi kifo kinavyouma. Anataja majina ya marehemu na walio wao, na orodha hiyo inakuwa matanga.

Mbinu ya pili ni uteuzi wa nafsi. Tazama anwani za baadhi ya mashairi: “What Your Mother Told You After Your Father Left”, “Your Mother's First Kiss”, “When We Last Saw Your Father”. Nafsi ya pili inatawala. Msomaji haambiwi habari za mama wa mtu fulani. Anaambiwa habari za mamake na babake. Kwa kawaida, msomaji wa shairi la huzuni huketi pembeni kama jirani aliyekuja kutoa rambirambi. Kwa kuitwa “wewe”, anahamishwa kutoka kwenye kiti cha mgeni hadi kwenye mkeka wa wafiwa.

Mbinu ya tatu ni kimya. Mashairi mengi katika diwani hii ni mafupi, na hukatika pale ambapo msomaji anatarajia ufafanuzi. Katika “My Foreign Wife is Dying and Does Not Want To Be Touched”, mume anamtazama mkewe mgonjwa asiyetaka kuguswa. Hali hiyo ingeweza kuzaa maombolezo marefu, lakini shairi halimpi mume nafasi ya kujililia. Ugeni wa mke, ugonjwa wake na kukataa kwake mkono wa mume vinasimama sambamba, na msomaji anaachiwa kazi ya kuviunganisha. Hata katika rekodi za sauti alizozitoa mwaka wa 2012, Shire husoma kwa sauti ya chini, isiyo na pupa. Hapa mtazamo kwamba ushairi wa jukwaani ni kupaza sauti unapata jibu.

Shairi la Mkimbizi

Kilele cha diwani ni “Conversations About Home (at the Deportation Centre)”. Mwaka wa 2009, Shire aliutembelea uliokuwa ubalozi wa Somalia mjini Roma, jengo lililotelekezwa ambamo vijana wakimbizi walikuwa wakiishi. Kwa mujibu wa maelezo yake, usiku uliotangulia kijana mmoja alikuwa amejirusha kutoka paani akafa. Mazungumzo na vijana hao ndiyo yaliyozaa utungo huu.

Utungo umeandikwa kwa aya za nathari, bila mishororo. Uamuzi huu una maana. Mtu anayehojiwa katika kituo cha kuwarejesha watu makwao hajibu kwa beti. Hujieleza kwa pumzi moja, akihofia kukatizwa. Nafsineni anasimulia jinsi alivyoiangamiza pasipoti yake kwa kuila. Taswira hii ni ya kutisha, lakini inasemwa kwa toni ya mtu anayejaza fomu. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: tukio ni kubwa, sauti ni ndogo. Vivyo hivyo, mtunzi anaorodhesha adha ndogondogo za ugenini, zikiwemo foleni, makaratasi, baridi na macho ya watu barabarani, bila kuipandisha hata moja daraja.

Utungo huu ulizaa shairi maarufu zaidi, “Home”, ambalo lilienea duniani kote mwaka wa 2015 wakati maelfu ya wakimbizi walipokuwa wakiivuka bahari ya Mediterania. Lilinukuliwa na kubebwa kwenye mabango. Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Mshororo unaokatwa kutoka kwenye shairi na kubandikwa bangoni hupoteza kimya kilichouzunguka. Aliyeusoma anaweza kutokwa na machozi, akajiona mwema, kisha akaendelea na safari yake.

Kasoro na Mjadala

Haitakuwa haki kuisifu diwani bila kutaja udhaifu wake. Pale Shire anapoiacha mbinu ya kujizuia, shairi hudhoofika. “In Love and In War”, utungo mfupi mno wa mama kumwonya binti, unategemea mshtuko mmoja. Ukishapita, msomaji hana pa kurejea. Aidha, miili ya wanawake inajeruhiwa mara nyingi katika diwani hii kiasi kwamba msomaji anaweza kuyazoea majeraha, na mazoea ni adui wa hisia.

Mwanamapokeo naye anaweza kuuliza: bila vina na mizani, huu ni ushairi? Swali hili si geni. Lilizuka katika ushairi wa Kiswahili pale Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Lakini tukirudi nyuma zaidi, tunampata Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utenzi wa wasia mnamo mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa. Utenzi huo una vina na mizani kamili, ilhali kinachomgusa msomaji hadi leo si vina peke yake. Ni hali ya mama anayejua kwamba muda wake umepungua, naye anautumia kutoa maagizo ya maisha. Mwana Kupona na Shire wametengana kwa umbo, lugha na msimamo kuhusu mwanamke, lakini wanakutana katika jambo moja: wote wawili wanaupitisha uchungu katika mazungumzo ya mama na binti.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hisia katika diwani ya Warsan Shire ni zao la ufundi: vitu vidogo, nafsi ya pili na kimya. Kwa malenga chipukizi wa majukwaa yetu, funzo ni kwamba kupaza sauti si sharti la kugusa moyo.

Msomaji wa Kenya, hata hivyo, ana deni la ziada. Msomaji wa Ulaya hukutana na mkimbizi wa Shire ufuoni; Mkenya ameishi naye. Kambi za Dadaab zilianza mwaka wa 1991. Serikali ilipotangaza mwaka wa 2016 kwamba ingezifunga, Mahakama Kuu iliamua Februari 2017 kwamba hatua hiyo ilikiuka Katiba. Methali hutuagiza kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini sera ya kuwazuilia wakimbizi kambini iliwanyima wengi jembe hilo kwa miaka mingi, na kuna watoto waliozaliwa na kukulia humo wakiitwa wageni. Mtunzi aliyezaliwa katika nchi hii anapomwita msomaji “wewe”, neno hilo halimpati Mkenya akiwa mbali. Linampata akiwa mwenyeji, mlango ukiwa mkononi mwake.