Wadudu wasiosikia dawa

SWALI: Daktari, mjomba wangu ni mvuvi hapa Kilwa Kivinje. Alipasuliwa tumbo katika hospitali ya rufaa, akalazwa ICU kwenye mashine ya kupumulia. Wiki ya pili homa ikapanda, tukaambiwa ana wadudu sugu wasiosikia dawa. Je, kawapata hospitalini? Na sisi tunaokwenda kumwona tutaambukizwa?
Msomaji, Kilwa Kivinje

JIBU: Poleni sana. Huenda kawapata wodini, na huenda pia alitoka nao nyumbani, ndani ya utumbo wake mwenyewe. Yote mawili hutokea.

Kila mmoja wetu ana bakteria tumboni. Ukimeza antibayotiki, walio dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana. Sasa tazama tunavyoishi huku pwani. Kikohozi kidogo, vidonge vinne vya rangi mbili kutoka dukani. Mwiba wa taa ukimchoma mvuvi mguuni, anameza dozi aliyoibakiza jirani. Miaka ikipita hivyo, siku ya kupasuliwa mtu anaingia hospitalini akiwa na wadudu waliokwisha kuzoea dawa. Wizara ya Afya inauita usugu huo UVIDA.

ICU nayo ina hatari yake. Mjomba ana mpira kooni, mpira wa mkojo na kanula mshipani. Vinamsaidia kuishi, lakini kila kimoja ni njia ya kupita bakteria, maana ngozi haiwazuii tena, na aliyelazwa na mpira kooni hawezi kukohoa akatoa makohozi. Bakteria aitwaye Acinetobacter huweza kukaa siku nyingi kwenye reli kavu ya kitanda. Hana miguu wala mabawa. Mikono yetu ndiyo humbeba.

Hili si jipya nchini. Mwaka 2001 na 2002, watafiti walichunguza damu za watoto waliolazwa Muhimbili. Waliokutwa na bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja dawa kama seftriaksoni, asilimia 71 walifariki. Takwimu hiyo hunikaa moyoni kila ninapoona dawa hizi zikiuzwa kama pipi.

Ninyi wenye afya, mara nyingi hamtaugua. Ila mnaweza kuwabeba hadi kitanda cha pili, au hadi kwa mtoto mchanga nyumbani. Najua kumwona mgonjwa ni ada yetu, na ukoo mzima hupenda kuingia. Safari hii waingie wawili, wengine waombe dua nje. Naweni kwa sabuni au kipukusi kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, wala msikae kitandani kwake. Muuguzi akisahau kunawa, mkumbusheni kwa adabu, si dharau.

Muulizeni daktari kama damu au makohozi yamepelekwa maabara kuoteshwa. Kipimo hicho huonyesha dawa ipi bado inawaua wadudu hao, na majibu huchukua siku kadhaa, kwa hiyo msikate tamaa wala msinunue sindano ya kubahatisha mitaani.

Na kabla hamjaondoka Kivinje kwenda kumwona, pekueni chumba cha mjomba. Kusanyeni makasha na pakiti za dawa zote alizomeza miezi mitatu iliyopita, hata zile za kuazima, mkampe daktari wake mkononi.