Siku ya Kupunga Upepo Lamu, na Msamiati Wake



Kila likizo ikiisha, tunaandikiwa ubaoni kichwa kile kile: siku niliyoifurahia likizoni. Na kila mara nusu ya darasa huenda ufuoni, hata wale ambao hawajawahi kuiona bahari. Huko mawimbi "yanacheza", jua "linatabasamu", watu wanakula soseji, kisha wanarudi nyumbani wamechoka hoi. Ukisoma insha kumi umesoma moja. Kwa maoni yangu shida si uvivu. Tunaieleza bahari kana kwamba ni bwawa, maji yapo tu kutoka asubuhi hadi jioni. Kisiwani maji huenda na kurudi, na starehe ya mchana kutwa hupangwa nayo. Hilo ndilo nitakaloonyesha, kwa kutumia siku moja ya Desemba niliyoshinda Lamu na marafiki watatu, tukiwa wageni nyumbani kwa mmoja wao.

Tuanze na neno "pwani" lenyewe. Kitenzi ni kupwa, yaani maji kurudi nyuma baada ya kujaa. Ongeza -ni ya mahali upate pwani, mahali yapwapo maji. Chombo kikiachwa na maji kikakaa juu ya tope, kimepwelewa. (Likumbukeni neno hili, tutalihitaji.) Maji yakijaa sana na kupwa sana, hiyo ni bamvua. Huja siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, kwa sababu jua, dunia na mwezi huwa vimepangana mstari mmoja na bahari inavutwa kwa nguvu za pamoja. Katika pwani ya Kenya tofauti ya kina siku za bamvua hukaribia mita 4, zaidi ya urefu wa watu wawili! Mwezi ukiwa nusu, mvuto hupungua, na maji ya siku hizo huitwa maji mafu.

Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Na kwa kuwa mwezi nao unatembea kuizunguka dunia, kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Wenzangu wa Jiografia watanisahihisha nikikosea, lakini wavuvi hawahitaji kitabu. Huutazama mwezi tu.

Siku yetu mwezi ulikuwa wa kumi. Nahodha, ambaye sote tulimwita Ami kama alivyomwita mwenyeji wetu, alisema maji yangejaa saa sita mchana. Tulikuwa tunataka kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Basi Takwa hufiki kwa mashua saa yoyote upendayo. Njia yake ni mkono mwembamba wa bahari uliobanwa na mikoko pande zote mbili, na maji yakipwa hubaki tope. Shauri likawa: kuingia saa tano, kutoka kabla ya saa nane.

Upepo ulikuwa wa kaskazi, ukitupiga usoni, kwa hivyo ilibidi kubisha. Wengi wetu tunajua kubisha hodi na kubisha maneno. Huku kubisha ni kwenda mshazari, upande huu kisha upande ule, ili chombo kisonge mbele dhidi ya upepo. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na uvungu wa ndani yanakokusanyika maji ni ngama. Sasa ile methali ya kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ambayo tumeikariri tangu darasa la sita, niliielewa nikiwa nimekaa ngamani kwenyewe, nguo zimelowa. Kuyatoa maji hayo ni kufua maji. Hakuna sabuni hapo.

Takwa tulistarehe kweli kweli. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na sasa wenyeji wake ni mibuyu na kuta za matumbawe. Liko kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni karibu sawa na 1683. Watu wa Shela, ambao huhesabu asili yao Takwa, wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Tulizunguka polepole, kisha tukatandika mkeka chini ya mbuyu. Tulikula mkate wa mofa na samaki wa kuchoma, tukanywa madafu. Hapa pia pana somo, maana sisi wa bara kila kitu ni nazi. Mwenyeji wetu alitupangia vizuri: kidaka ndiyo changa kabisa, halafu kitale, halafu dafu la kunywa, halafu koroma, ndipo ije nazi ya kukuna. Baada ya hapo tulibarizi. Kubarizi kumetoka kwenye baraza: kukaa pamoja na kuzungumza bila haraka wala ajenda. Sijui neno lingine linalolitosha jambo hili. "Kurelaksi" wanaosema wenzetu hata hakufiki karibu.

Saa saba na nusu Ami akaita kutoka mashuani, "Ndooni wanangu, mai yaanda kupwa!" Rafiki yetu mmoja wa bara akamkimbilia na ndoo ya kufulia maji. Tulicheka hadi machozi. Katika Kiamu, njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, na maji ni mai. Aliyebeba ndoo hakupendezwa, akasema ati tungoje saa moja zaidi, kwani starehe haina saa. Lakini mwenzetu mwingine alikuwa na tiketi ya basi la alfajiri kutoka Mokowe, na mama wa mwenyeji wetu alikuwa akituangalia njia. Ami hakubishana. Aling'oa nanga tu, nasi tukapanda.

Katikati ya mikoko tukaikuta mashua nyingine iliyokuwa imeingia nyuma yetu, imelala ubavu, abiria wameshikilia viatu mikononi. Ilikuwa imepwelewa. Ami aliwarushia mtungi wa maji ya kunywa na kuwaahidi kuwapelekea habari nyumbani kwao. Maji yangejaa tena saa sita usiku, kwa hivyo hata kama wangeelea mapema, isingekuwa kabla ya saa tatu au nne, gizani, katikati ya mbu. Aliyebeba ndoo alinyamaza hadi Lamu.

Zoezi: Leo maji yamejaa Takwa saa sita mchana. Ninyi mnataka yajae wakati wa saa tisa alasiri, ili mbarizi hadi jua lipoe. Mtangoja siku ngapi, na je, mwezi utakuwa umekaribia kuwa mpevu au nusu? Majibu, pamoja na sentensi moja yenye neno kupwelewa, yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya mkutano wa Ijumaa.