SOMO: Kutunza orodha ya wakimbizi bila kuhatarisha mtu



Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wamekimbia mauaji mara nyingi, na wengi wamepokelewa Butembo. Kila kamati huandika orodha: majina, kijiji walikotoka, idadi ya watoto. Orodha ikipotea, familia hukosa chakula siku ya mgawo na ugomvi huanza. Ikiangukia mikononi mwa wabaya, inawaonyesha nani analala wapi. Kwa hiyo kuitunza ni kazi ya amani.

Kompyuta inaweza kuungua au kuibiwa. Basi nakala nyingine iwekwe kwenye wingu, yaani ghala ya mafaili inayofikiwa kwa intaneti. Chombo kimoja cha bure ni rclone. Kwa kawaida hakitumiwi kwa kubonyeza picha; unakiandikia amri. Kinatuma mafaili mapya au yaliyobadilika tu, kwa hiyo hakimalizi megabaiti.

HATUA

1. Fungueni akaunti ya kamati, si ya mtu mmoja. Wekeni neno la siri refu na uthibitisho wa hatua mbili.

2. Pakueni rclone kutoka rclone.org. Fungueni dirisha la amri ndani ya folda yake, mwandike: rclone config. Chagueni n, muipe akaunti jina "ghala", kisha mchague kampuni yenu, kwa mfano Google Drive. Ukurasa utafunguka ili mkubali.

3. Rudieni rclone config, mchague aina ya crypt juu ya ghala:kambi, na muiite "kufuli". Sasa mafaili yatafungwa kabla ya kutoka kwenu. Hata kampuni haitayasoma.

4. Jaribuni: rclone copy orodha kufuli: --dry-run. Amri hii inaonyesha yatakayotumwa bila kuyatuma. Ikiwa sawa, ondoeni --dry-run mrudie.

5. Andikeni rclone ls kufuli: ili kuona yaliyofika.

ANGALISHO

Amri ya sync hufuta huko kile ambacho hakipo kwenu. Anayeanza atumie copy.

Faili rclone.conf hubeba ufunguo wa akaunti. Ndani ya rclone config, herufi s huiwekea neno la siri. Kompyuta ikiibiwa, ingieni kwenye akaunti kwa kompyuta nyingine mwondoe ruhusa ya rclone mara moja.

Neno la siri la kufuli likipotea, hakuna wa kuwafungulia. Lijulikane na watu wawili, mmoja wa wakimbizi na mmoja wa wenyeji, na liandikwe katika bahasha iliyofungwa.

Tena kumbukeni: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kote karibu wiki tatu. Nakala moja ibaki karibu nanyi, mahali salama.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwenu, nani anashika neno la siri? Akihama kesho, itakuwaje?

2. Ni habari gani katika orodha yenu ambazo hazihitajiki kwa mgawo? Kwa nini zimeandikwa?