Kupima Macho Ukiwa Kama: Anza Nyumbani, Malizia Kindu

Kutoka mji wa Kama, huku Pangi mkoani Maniema, hadi mji wa Kindu ni safari ya pikipiki na matope. Hakuna anayeianza bila sababu. Ndiyo maana wengi hungoja jicho liume. Lakini glakoma, ambayo wengi huiita presha ya jicho, mara nyingi haiumi. Hula uoni kuanzia pembeni, na uoni uliopotea haurudi tena. Ukishapita miaka 40, au ukiwa na kisukari, au mzazi wako alipofuka kwa glakoma, usingoje dalili.

Hatua ya 1: Jipime nyumbani. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame maandishi ya mbali unayoyajua. Kisha badili. Jicho zima huficha ubovu wa mwenzake kwa miaka. Ukiona ukungu, toboa karatasi ngumu kwa sindano, uchungulie katika tundu hilo. Ukiona vizuri zaidi, huenda miwani itatosha. Usipopata nafuu, inaweza kuwa mtoto wa jicho au ugonjwa wa ndani zaidi. Mtoto mdogo mwenye mboni nyeupe apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa saratani.

Hatua ya 2: Meza Mectizan, dawa ya upofu wa mtoni, kila mwaka reko (mhudumu wa afya wa jamii) anapopita. Upofu huo huletwa na minyoo wanaoenezwa na usubi, na usubi huzaliana penye maji ya kasi. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa dawa hii bure. Dawa huua minyoo wachanga; minyoo wakubwa huendelea kuishi miaka 10 hadi 15, kwa hiyo kumeza mara moja hakutoshi. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wagonjwa mahututi hawapewi. Na kama umewahi kuona mnyoo akipita juu ya jicho lako, mwambie reko kabla ya kumeza: huenda ni loa loa, na dawa inaweza kukudhuru vibaya.

Hatua ya 3: Pitia kituo cha afya. Omba karatasi ya kukutuma hospitali, na umwombe muuguzi aulize daktari wa macho atakuwapo Kindu lini. Beba kila dawa uliyotia jichoni, hata ya majani, uitaje bila aibu. Matone yenye kotizoni yanayouzwa ovyo sokoni yanaweza yenyewe kuleta glakoma.

Hatua ya 4: Siku ya kupimwa. Nenda na mtu. Matone ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa, usiendeshe pikipiki. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E, naye huashiria kwa mkono imeelekea wapi. Uliza mambo mawili: presha ya jicho ni ngapi (kwa kawaida 10 hadi 21), na mshipa wa fahamu wa jicho ukoje? Uliza yote mawili, kwani glakoma huweza kuwapo hata presha ikiwa ya kawaida. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji tu. Glakoma mara nyingi hutaka matone kila siku, maisha yote: nunua ya miezi kadhaa kabla ya kurudi Kama.

Wachimba dhahabu, kipande cha jiwe kikichoma jicho, hatua hizi ziacheni. Msilisugue jicho wala kukichomoa kipande hicho. Funikeni kwa kikombe kisichogusa jicho, muondoke kwenda hospitali siku hiyo hiyo.