Daftari Moja, Wasomaji Wanne

Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki 1840, yalifika kitabuni kwa safari ndefu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya hapa Mombasa, mmisionari William Taylor akayanakili na kuyawekea maelezo, na mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka kule Johannesburg. Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya SOAS. Sikujua alikuwa amekwishafariki zamani diwani ilipotoka, kwa hiyo Hichens hakuweza kumuuliza.

Siku hizi kazi kama hiyo yaweza kufanywa na watu wanne walio Kibokoni hapa Mombasa, Nairobi, Muscat na London, wote wakiutazama ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Nimeshiriki kazi za aina hiyo pamoja na wanafunzi wanaojifunza kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na haya nayaandika kwa mwalimu au mtafiti anayetaka kuanza. Programu zipo, nyingi za bure. Kinachowashinda wengi ni utaratibu.

La kwanza ni ruhusa. Madaftari mengi ya Mji wa Kale yamo makabatini mwa watu. Mwenye daftari aambiwe picha zitakaa wapi, nani atazifungua, na kwamba anaweza kukataa ukurasa wowote. Si ajabu daftari likawa na kasida mwanzoni na hesabu za madeni mwishoni, au majina ya wagonjwa walioandikiwa kombe kama dawa. Kurasa hizo hupigwa picha kwa ajili ya familia tu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, ila hata bila sheria, madeni ya marehemu hayaanikwi.

Hakimiliki nayo itazamwe mapema. Kwa sheria ya Kenya, maandishi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alifariki 1947, kwa hiyo makala zake darasa laweza kuzitumia bila wasiwasi. Tungo za Muyaka ni za umma. Lakini maelezo na tafsiri za Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979 kuhusu Muyaka ni jasho lake, na si halali kuyamwaga mtandaoni.

Picha hazihitaji mashine ya bei. Simu ya kawaida yatosha, mradi daftari liwe karibu na dirisha lakini si juani, taa ya simu imezimwa, na rula imelazwa kando ili ukubwa wa karatasi ujulikane. Piga jalada, piga na kurasa tupu. Usizitume WhatsApp kama picha za kawaida, maana huzibana na nukta zikapotea. Zitume kama faili, au ziweke kwenye folda ya pamoja. Kila faili ipewe jina la daftari na namba ya ukurasa siku ileile. Ukiiacha simu izipe majina yake, baada ya mwezi hutajua ubeti upi ulitangulia.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Katika hati za zamani, herufi ya be huweza kusimama mahali pa b, p au mb, na kasra ikawa i au e. Neno lenye be mbili na kasra mbili laweza kusomwa bibi, pipi, pepe au pembe. Aliyeko London huliona neno moja, wa Kibokoni akaliona jingine, na wote wawili wana hoja. Ndiyo maana jedwali letu lina safu tatu: ya kwanza herufi kama zilivyo kwenye karatasi, bila kusahihisha kitu, ya pili usomaji kwa herufi za Kirumi, ya tatu maelezo. Hakuna anayefuta usomaji wa mwenziwe. Huacha pendekezo lake pembeni, akataja sababu.

Kuandika hati zenyewe kwenye kompyuta kulikuwa taabu, siku hizi si sana. Kibodi ya Kiajemi kwenye simu ina pe na che ambazo kibodi ya Kiarabu haina. Kwa kazi ndefu kuna Andika!, programu ya bure iliyotengenezwa na Kevin Donnelly kwa kufuata tahajia ya Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyeishi na kufanya kazi London. Hugeuza maandishi ya Kirumi kuwa hati za Kiarabu na kuzichapa zote mbili sambamba. Kwa darasa, hiyo ni neema.

Lakini msomaji muhimu kuliko wote huenda asifungue jedwali hata siku moja. Maalim mmoja wa Kibokoni tunampelekea picha ya ubeti kwa WhatsApp, naye hujibu kwa sauti, anaughani. Kughani ndiko kunakofichua kosa. Shairi la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mstari, nane kwa nane, na kipande chenye saba husikika kimechechemea. Tena kina hukata shauri: kipande kikiwa kinaishia kwa -mbe ubeti mzima, yule bibi ameondoka na pembe imebaki. Anayesoma kwa macho pekee huyakosa haya, hata awe na shahada tatu. Sauti hizo huhifadhiwa kwenye folda moja na picha, kwa majina yaleyale.

Kuhusu mashine zinazosoma mwandiko, kama Transkribus, subiri kwanza. Lazima zifundishwe kwa kurasa nyingi ambazo mtu amekwisha kuzinakili, na kurasa hizo ndizo tunazozitengeneza sasa.

Nakala zisikae mahali pamoja. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha na kuwekwa mtandaoni chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilivamiwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Basi weka seti moja kwa familia kwenye diski, moja mtandaoni, na wenyewe wakiridhia, moja RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapa Mombasa.

Kabla ya kuchapisha chochote, pitieni orodha ya majina. Mwenye daftari awemo, kama amekubali kutajwa. Mpiga picha awemo. Na maalim aliyeughani ubeti aandikwe kuwa msomaji wa matini, si "mtoa habari". Mhadhiri anayepokea kazi isiyomtaja maalim huyo airudishe bila alama.