Somo: Sista Aliyekataa Kujifanya Amesamehe

Ndugu wasomaji, akina mama na akina baba mliokimbia nyumba zenu, na ninyi viongozi wa kamati za amani, safari hii tunajifunza kutoka kwa sinema ya zamani. Jina lake ni The Nun's Story; kwa Kifaransa huitwa Au risque de se perdre. Ilitoka mwaka 1959, na sehemu yake ilipigwa hapa kwetu Kisangani, mji ungali unaitwa Stanleyville, na Yakusu, ambako daktari Stanley Browne alikuwa anatibu wagonjwa wa ukoma.

Audrey Hepburn anacheza kama Sista Luka, binti wa daktari wa Ubelgiji. Ameingia utawani akitamani kuwa muuguzi Kongo. Shirika linadai utii wa kila saa. Siku moja mkubwa wake anamwomba ashindwe mtihani kwa makusudi, aonyeshe unyenyekevu. Anafanya mtihani na kufaulu. Badala ya Kongo, anapelekwa kwanza kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Tuseme ukweli kabla ya kuendelea: Wakongo wengi katika sinema hii ni watumishi na wagonjwa, na Mkongo mmoja anamuua sista kwa kumpiga. Hayo ni macho ya wakoloni. Atakayeonyesha sinema hii kwa watu awaambie mapema.

Lakini angalieni kinachofuata baada ya mauaji hayo. Masista hawatafuti kisasi, na Sista Luka yuko pamoja nao katika msimamo huo. Baadaye anarudishwa Ubelgiji, vita vinaanza mwaka 1939, na Wajerumani wanaivamia nchi yake mwaka 1940. Masista wanaagizwa wasiwe upande wowote. Kisha baba yake anauawa na Wajerumani. Sasa aliyekufa ni wake. Anajichunguza, anaona chuki imejaa moyoni, naye hawezi kuvaa nguo ya utawa huku akitamka msamaha ambao hana. Anaomba kuondoka. Mwishoni anavaa nguo za kawaida, mlango unafunguka, anatoka peke yake. Hakuna anayemuaga, wala muziki haupigwi. Fred Zinnemann, aliyeongoza sinema hii, alitaka kimya hicho. Wazazi wake mwenyewe waliuawa katika mauaji ya Wayahudi.

Tulipoizungumzia na familia zilizohama Lubunga kwa sababu ya mgogoro wa Wambole na Walengola ulioanza mwaka 2023, mzee mmoja alisema sista huyo ameshindwa. Mama mmoja akamjibu: «Baba, hakushindwa. Alikataa kutudanganya.» Watu walinyamaza kidogo. Wengi wetu tumekaa katika mikutano ambako watu wanashikana mikono mbele ya wakubwa, karatasi inatiwa sahihi, halafu usiku maneno mengine yanasemwa nyumbani. Sisi wafanyakazi wa mashirika tumo katika kosa hilo: tunapenda picha ya mikono iliyoshikana, maana inaingia vizuri katika ripoti.

Uasi wa Sista Luka haukumwagia mtu damu. Hakuwachochea wenzake, hakuchoma kitu, na gharama aliilipa mwenyewe. Ndiyo maana tunaona unafaa kujadiliwa na vijana wanaoamriwa na wakubwa wao wachukue panga. Kijana anaweza kukataa amri hiyo bila kumchukia aliyeitoa.

Viongozi, mnapokutana wiki hii, mwacheni kila mtu aseme amefika wapi, hata kama jibu ni «bado». Msimlazimishe aliyefiwa kushika mkono wa mtu. Muulizeni tu: kwa sasa unaweza kukubali nini? Kupita njia moja na jirani? Kuchota maji kisima kimoja? Watoto kukaa darasa moja? Andikeni lile alilokubali, hata likiwa dogo, na mumuulize tena baada ya mwezi.